Nani Alipie Moshi wa Meli? Mjadala Kutoka Delta ya Rufiji

Tarehe 17 Oktoba 2025, jijini London, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zilipiga kura kuuahirisha kwa mwaka mmoja mpango wa kuutoza moshi wa meli. Hoja ya kuahirisha ililetwa na Saudi Arabia, na Marekani ilikuwa imekwisha kuzitishia kwa ushuru na vikwazo vya viza nchi zitakazouunga mkono mpango huo. Nchi 57 zilitaka uahirishwe, 49 zilikataa, 21 hazikuegemea upande wowote. Miezi sita tu kabla ya hapo, mwezi Aprili, mpango huohuo ulikuwa umeidhinishwa kwa kura 63 dhidi ya 16.

Kilichoahirishwa ni hiki. Kila meli kubwa, yenye ujazo wa tani zaidi ya 5,000, ingewekewa kiwango cha gesi joto inachoruhusiwa kutoa kwa nishati inayotumia, na kiwango hicho kingeshushwa mwaka hadi mwaka. Meli za ukubwa huo ndizo zinazotoa takriban asilimia 85 ya hewa ukaa ya usafirishaji wa kimataifa baharini. Itakayozidisha ingelipa dola 100 kwa kila tani katika ngazi ya kwanza, na dola 380 kwa tani endapo imezidisha mno. Fedha zingeingia kwenye mfuko mmoja wa dunia. Wachambuzi walikadiria kiasi cha dola bilioni 10 kwa mwaka kwa kuanzia.

Meli hubeba zaidi ya asilimia 80 ya shehena ya biashara ya dunia, na moshi wake ni karibu asilimia 3 ya gesi joto yote inayotokana na binadamu. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliikabidhi IMO kazi ya kuupunguza. Mkataba wa Paris wa 2015 haukuzitaja meli hata kidogo. Umri wa mtu mzima umepita, na bei ya moshi huo duniani kote bado haijawekwa.

Nalipeleka suala hili kwenye delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, kwa sababu pale pande zake zote zinakutana. Delta ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko usio na mfano katika delta nyingine yoyote ya Afrika Mashariki. Pamoja na Mafia na Kilwa, imo tangu 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wakazi wake wanalima mpunga, wanavua kamba, wanakata miti ya kujengea, na wananunua bidhaa zilizoletwa na meli ambazo hawazioni. Mjadala huu nimeuweka Nyamisati, kwenye gati la kuvukia kwenda Mafia. Wasemaji wanne hawana majina, kwa kuwa kila mmoja amebeba hoja ya watu wengi: mfanyabiashara wa pembejeo na mazao mjini Kibiti, baharia kijana aliyefanya kazi katika chumba cha injini cha meli za nje, mama mkulima wa mpunga kutoka ndani ya delta, na nahodha mzee wa jahazi.

Shilingi ngapi kwenye mfuko wa mbolea?

Mfanyabiashara: Shikamoo Nahodha, shikamoo Mama. Niruhusuni nianze, maana mzigo huu utanishukia mimi kwanza. Mbolea ninayouza inatoka nje. Ngano ya maandazi, dizeli ya trekta, mabati, betri, hata sola, vyote vinashushwa Dar es Salaam. Meli si zetu. Mwenye meli akitozwa London, ataiandika tozo hiyo kwenye nauli ya shehena, mwagizaji atanipitishia mimi, na mimi nitampitishia mkulima wa Bungu na Mchukwi. Aliyechafua hewa hatoi hata senti. Anayetoa ni yule asiyejua hata hiyo meli iliitwaje.

Baharia: Kaka, ni kweli gharama itateremka mpaka kwa mnunuzi. Basi tuipime kabla ya kuiogopa. Tani moja ya mafuta mazito ya meli ikiungua inatoa kama tani 3.1 za hewa ukaa. Meli ya shehena kichele iliyojaa vizuri hutoa, tuchukue, gramu 10 kwa kubeba tani moja ya mzigo umbali wa kilomita moja. Mbolea itoke Ghuba mpaka Dar es Salaam, kilomita kama 4,500. Hizo ni kilo 45 za hewa ukaa kwa kila tani ya mbolea. Kwa bei ya dola 100 kwa tani ya hewa ukaa, inakuja dola nne na nusu. Mfuko wa kilo 50 unapanda senti 22 na nusu za dola. Dola ikiwa shilingi 2,500, ni kama shilingi 560. Na hapo nimetoza moshi wote. Mpango ulioahirishwa unatoza ile ziada tu iliyopita kiwango.

Mfanyabiashara: Umehesabu safari ya kuja peke yake, mdogo wangu. Meli iliyoleta mbolea mara nyingi haipati mzigo wa kurudi nao kutoka kwetu. Inaondoka tupu, na mafuta ya kurudia nalipishwa mimi. Zidisha mara mbili, tumefika shilingi 1,120. Ikikaa nangani ikisubiri gati, jenereta zake zinaunguza mafuta usiku na mchana; ongeza. Sasa weka ile bei ya dola 380: mfuko uleule umepanda zaidi ya shilingi 4,000. Halafu kila mkono unaopitisha mzigo unaweka faida yake juu ya bei mpya. Mkulima akiona hivyo anapunguza mifuko, na mavuno yanapungua pamoja nayo.

Hesabu zote mbili ni sahihi, na ndiyo maana sitaki kuipuuza hata moja. Tathmini ambayo UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, iliifanya kwa ajili ya IMO mwaka 2024 ilionyesha kuwa athari kwa uchumi wa dunia kwa jumla ni ndogo, lakini nchi zinazoendelea, hasa visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni kabisa, zitaumia zaidi ya nyingine. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo zenye maendeleo duni kabisa. Anayeitetea bei ya kaboni akiwa Kibiti lazima aanzie kwenye mfuko huu wa mbolea, aseme nani atakayeufidia.

Bodaboda analipa, meli hailipi

Baharia: Nakubali, kaka, na nitarudi kwenye fidia. Lakini nina swali. Bodaboda wa Kibiti akijaza lita mbili za petroli, analipa ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara ndani ya bei ya kila lita. Mvuvi wa Nyamisati anayetumia mashine ya boti analipa vilevile. Mafuta yanayochomwa na meli kubwa baharini kwa safari za kimataifa hayatozwi kodi ya namna hiyo, na ndivyo ilivyo duniani kote kwa miaka mingi. Nimehudumia injini kubwa. Meli kubwa ya makontena inaweza kuunguza tani 100 za mafuta kwa siku moja, yaani zaidi ya tani 300 za hewa ukaa kati ya alfajiri na alfajiri. Maskini wa barabarani anatozwa lita mbili, tajiri wa baharini anaachiwa tani mia. Hiyo ndiyo haki unayoilinda?

Mfanyabiashara: Silindi tajiri. Ninachosema ni kwamba tajiri hashikiki, ila mteja wangu anashikika.

Baharia: Tajiri anashikika kwa mafuta yake. Mkuu wa injini hufuatilia matumizi kila siku, kwa sababu mafuta ni gharama kubwa kuliko karibu zote za uendeshaji. Ukipunguza mwendo wa meli kwa asilimia 10, nguvu inayotakiwa kwenye injini inashuka kwa takriban asilimia 27. Safari inarefuka kidogo, lakini kwa safari nzima bado umeokoa karibu asilimia 19 ya mafuta. Mafuta yakiwa rahisi, kampuni inakimbia. Moshi ukiwa na bei, inatembea, inasafisha kitako cha meli, inapanga siku ya kufika ili isirundikane nangani. Haya hayahitaji uvumbuzi wowote, yanahitaji sababu ya kuyafanya.

Nahodha: Mwanangu, hayo ya mwendo sisi tuliyajua bila mkuu wa injini. Wazee wangu walikuwa wakipakia boriti za mkoko humu deltani. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha na boriti, na vyumba vya nyumba za kale kule Ghuba vilijengwa kwa upana unaofikiwa na boriti hizo. Safari nzima kwa upepo. Hakuna aliyetoa moshi, na biashara ilikwenda karne na karne. Ila nisijisifu: kukata nako kulikuwa kwingi, msitu huu uliumia kwa shoka kabla haujaumia kwa chumvi.

Baharia: Tanga linarudi, Nahodha. Mwaka 2023 meli ya mizigo iitwayo Pyxis Ocean ilifungiwa matanga mawili makubwa ya chuma na nyuzi, ikaingia safarini kwa kazi ya kweli. Mwaka huohuo Laura Mærsk ikawa meli ya kwanza ya makontena kutembea kwa methanoli. Teknolojia ipo. Inashindwa sokoni kwa sababu mafuta machafu ni rahisi kuliko mafuta safi, na tofauti hiyo ndiyo ambayo bei ya kaboni inataka kuiziba.

Nahodha: Meli kubadili chakula chake si jambo jipya humu. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliingia kujificha kwenye mikono ya mto huu. Ilikuwa meli ya makaa ya mawe, na bila makaa ilikuwa mfungwa. Boila zake zilipoharibika, vyuma vilikokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikakokotwa tena kurudi. Waingereza waliimaliza tarehe 11 Julai 1915. Leo hakuna manowari ya makaa duniani. Walihamia mafuta kwa amri za serikali zao, hawakungoja soko liwashauri. Kwa hiyo kubadili kunawezekana, hilo silibishi. Ninachokumbuka mimi ni kuwa meli haikuwa yetu, vita havikuwa vyetu, na waliokokota vyuma walikuwa babu zetu. Niambieni safari hii nani atakokota.

Neno kaboni limewahi kufika hapa

Mama: Nahodha amenitangulia. Mimi nimekaa nasikiliza hesabu zenu. Mnasema tozo itakuja siku moja. Kwetu malipo yalishaanza zamani. Chumvi inapanda mpaka kwenye majaruba, mpunga unanyauka ukiwa kijani. Masika ya 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei, kabla hatujapumua, kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Vyombo vikazuiwa, tukabaki tunaitazama bahari. Nani alinipa risiti?

Mfanyabiashara: Mama, kwa heshima yote, si kila chumvi imeletwa na meli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkubwa wa mto ulihamia matawi ya kaskazini, na upande wa kusini ukabaki na chumvi. Mafuriko ya 2024 nayo wako waliosema ni maji yaliyofunguliwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere; Serikali ikajibu kuwa chanzo ni mvua na bwawa lilipunguza makali yake. Mto huu una mambo mengi.

Mama: Una mambo mengi, sikatai. Mafuriko tumezaliwa nayo, na kilimo cha mlau kinayategemea: maji yakishuka tunapanda kwenye unyevu. Lakini bahari ikipanda na mvua zikikosa mpangilio, ule ujuzi wa kukisia maji unatuponyoka. Tena kinachonitisha mimi si chumvi peke yake, ni hilo neno lenu, kaboni. Mwaka 2011 maofisa wa misitu waliingia humu kuwaondoa wakulima wa mpunga kwenye hifadhi ya mikoko, vibanda vya mashambani vikachomwa moto. Kwa hiyo mtu akija kuniambia mikoko yangu ina thamani kubwa Ulaya, kwanza natazama mlango wangu uko wapi.

Hofu hii ina kumbukumbu iliyoandikwa. Mwaka 2012 wasomi Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walichapisha katika jarida la Global Environmental Change makala iliyohusisha uhamishaji wa wakulima wa delta na maandalizi ya miradi ya kaboni ya misitu. WWF, iliyokuwa ikifanya kazi deltani, na watafiti wengine walilipinga dai hilo katika jarida hilohilo. Ubishi wa wasomi kuhusu chanzo unaweza kuendelea, lakini somo kwa mjadala wetu halingoji mshindi wake. Mikoko ya Rufiji ni msitu wa hifadhi tangu enzi ya Wajerumani, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Thamani ya msitu ikipanda, anayeishi ndani yake bila hati ndiye wa kwanza kuambiwa apishe.

Baharia: Mama, naomba nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuna kununua hewa ya msitu: kampuni inaendelea kutoa moshi, inalipia mikoko ya watu ili ionekane imesafika. Mpango wa IMO hauko hivyo. Meli iliyozidisha inalipa kwenye mfuko, au inanunua akiba ya meli nyingine iliyofanya vizuri kuliko kiwango. Haiwezi kuja Salale, humu deltani, kununua msitu ili iruhusiwe kuchafua.

Mama: Mwanangu, unanitofautishia karatasi. Fedha za mfuko zitakapofika Tanzania, zitashukia mkono wa nani? Atakayezishika akisema sehemu itumike kulinda mikoko, mlinzi atatumwa wapi kama si kwangu?

Nahodha: Dada'angu kauliza penyewe. Lakini msitu kulindwa na wenyewe kunawezekana, nako si mbali. Gazi, kule Kwale nchini Kenya, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wanauza hewa ukaa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeleta maji, zimenunua vitabu vya shule, na wanaoamua ni kamati yao. Ni ile biashara ambayo Mama anaiogopa, na imekwenda vizuri kwa sababu kijiji ndicho kilichoshika kalamu.

Mama: Basi hilo ndilo nitakalo niandikiwe. Kalamu kwanza, kaboni baadaye.

Bei ipo tayari, ila inakwenda Ulaya

Mfanyabiashara: Mmenisogeza hatua moja, sitaficha. Lakini kwa nini tusiache tu? London wameahirisha. Wakubwa wakikosana, mdogo anapumzika.

Baharia: Hatupumziki, kaka. Umoja wa Ulaya haukungoja London. Tangu Januari 2024 meli kubwa zinazoingia bandari zake zinalipia hewa ukaa: asilimia 40 ya moshi wa 2024, asilimia 70 ya moshi wa 2025, na moshi wote kuanzia wa 2026. Safari iliyoanzia nje ya Ulaya inahesabiwa nusu. Kwa hiyo kontena la pweza na kamba wa pwani hii likielekea Ulaya, nusu ya moshi wa safari inayoingia bandarini kwao inatozwa, na fedha zinabaki huko. Bei unayoikataa unailipa tayari, na mgao wako ni sifuri. Mataifa mengine yakiiga, kila moja na tozo yake, utalipa mara nyingi kwa milango mingi. Mfuko wa dunia ndio pekee ambao Tanzania ina kiti mezani pake.

Mfanyabiashara: Hapo umenikamata. Kama fedha inatoka kwangu kwa vyovyote, naitaka ipite mahali ambapo serikali yangu inaweza kunyoosha mkono.

Baharia: Na iko njia ya kunyoosha mkono na kupata zaidi ya fidia. Mto Rufiji sasa unatoa umeme: bwawa lile la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa maji ukitumika kutengeneza haidrojeni, na haidrojeni ikageuzwa amonia, unapata kitu kimoja chenye kazi mbili: mafuta ya meli zijazo, na malighafi ya mbolea yako ya naitrojeni. Mfuko wa IMO umeandikwa kusaidia nishati safi katika nchi zinazoendelea. Gati la Dar es Salaam linaweza kuzipa meli umeme zikiwa zimefungwa, zizime jenereta.

Mama: Umeme umetoka mtoni kwetu, mbolea itengenezwe kwa umeme huo, meli zilishwe nao. Vizuri. Na tope la rutuba lililokuwa likishuka na mto, sasa likikaa bwawani, nani analihesabu? Msinijengee utajiri mwingine juu ya mto bila kuniuliza mimi niliye mdomoni mwake.

Ninavyouona uamuzi

Nimewaachia wanne hawa waseme kwa urefu kwa sababu kila mmoja ana haki katika jambo lake. Sasa niseme langu waziwazi: Tanzania iipigie kura bei ya moshi wa meli mpango utakaporudi mezani, na ipige kura hiyo ikiwa na masharti yaliyoandikwa.

Naiunga mkono bei kwa sababu sijaona njia nyingine iliyomgusa mwenye meli. Hiari imejaribiwa tangu Kyoto. Mwaka 2023 IMO yenyewe ilijiwekea lengo la kufuta moshi wake ifikapo 2050 au karibu na hapo, na kuupunguza kwa angalau asilimia 20 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2008. Lengo lisilo na gharama kwa anayelikosa ni nasaha tu. Visiwa vya Marshall na Solomon vililielewa hili mapema: mwaka 2021 vilipendekeza tozo ya dola 100 kwa kila tani ya moshi wote. Mwezi Aprili 2025 mataifa ya visiwa vya Pasifiki yalikaa pembeni wakati wa kura, yakisema mpango uliobaki ni dhaifu mno kwa bahari inayoyameza. Nasi Waafrika tulishasema neno letu. Azimio la Nairobi la Septemba 2023 liliwataka viongozi wa dunia wazingatie kodi ya kaboni kwa biashara ya mafuta, usafiri wa baharini na usafiri wa anga. Kulirudisha neno hilo mdomoni kwa sababu taifa kubwa limetishia ushuru ni kujifunza vibaya.

Sharti la kwanza ni la mfanyabiashara. Fidia kwa nchi zenye maendeleo duni kabisa iwe fungu lililotajwa kwa asilimia ndani ya kanuni za mfuko, isiachwe kwenye maneno ya kuzingatia mahitaji. Ianze na nauli ya mbolea na chakula, kwa kuwa hapo ndipo shilingi 560 au 4,000 za mfuko mmoja wa mbolea zinapogeuka njaa au shibe. Mpango wa sasa unataja kupunguza athari kwa nchi dhaifu bila kuziahidi kiasi chochote. Ahadi isiyo na kiasi haiwezi kudaiwa.

Sharti la pili ni la nahodha. Mfuko umekusudiwa zaidi kwa meli na mafuta yake: zawadi kwa watakaotumia nishati safi, mafunzo, teknolojia. Hayo tunayahitaji, na kituo cha teknolojia ya bahari cha Afrika kilichopo Mombasa chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kinaonyesha kuwa ujuzi huo unaweza kukaa kwetu. Lakini moshi wa meli haukuishia kwenye meli. Sehemu ya fedha lazima iende kwenye pwani zinazopokea matokeo yake: kupanda upya mikoko iliyokufa, mbegu za mpunga zinazovumilia chumvi, visima vya maji baridi, taarifa za mapema za mafuriko na vimbunga zinazowafikia watu wa vitongoji vya ndani kwa simu na kwa redio. Tusipolidai hili, tutakuwa tumekokota vyuma vya watu kwa mara ya pili.

Sharti la tatu ni la mama, na hili linaihusu nchi yetu kuliko London. Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Mashine ya kuhesabu tunayo. Kinachopungua ni ulinzi wa wanaoishi ndani ya hicho kinachohesabiwa. Isiwepo fedha yoyote ya tabianchi itakayotumika kufunga eneo la delta kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali, mashamba yaliyopo hayajapimwa na kuandikwa, wala bila kiasi kilichopokelewa kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji kila mwaka. Mwenye kuona masharti haya ni mazito akumbuke kuwa msitu usio na ridhaa ya wakazi wake hulindwa kwa bunduki mchana na hukatwa usiku.

Kuna watakaosema taifa kama letu halina uzito wa kuweka masharti. Kura ya Oktoba inawajibu. Tofauti kati ya walioahirisha na waliokataa ilikuwa nchi nane. Nchi 21 hazikuegemea upande. Katika chumba chenye hesabu ya namna hiyo, kundi la nchi chache za Afrika Mashariki zenye msimamo mmoja linaweza kuamua mwelekeo, na wanaotaka bei ipite wanajua hivyo. Wakati wa kudai fungu lenye asilimia ni kabla ya kura. Baada yake tutabaki waombaji.

Msimamo huo utaandikwa na Wizara ya Uchukuzi, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na mamlaka ya bahari ya Zanzibar, nayo ndiyo kazi yao. Ninachodai ni kwamba kabla haujaandikwa, maofisa hao wafike Nyamisati, Salale, Mbuchi na Maparoni, waeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka nini kinatozwa, nani anatozwa na fedha inaelekea wapi, kisha waondoke na majibu ya wananchi yakiwa kwenye maandishi. Mjumbe wetu atakapoinua mkono London, mkulima wa mpunga wa delta awe amekwisha kujua mkono huo unainuliwa kwa ajili ya nini, na awe na nakala ya kile kilichoahidiwa kwa jina lake.